Siku Nilipotumwa Kunusa Darasa

Wiki iliyopita mjukuu wangu alilala kwangu, na asubuhi nilipolifunua shuka lake nikakutana na harufu niliyodhani nimeshaagana nayo. Nilisimama pale na shuka mkononi, simu sikioni, mama yake upande wa pili akicheka. Mama umsamehe bure, akasema, ukimuona shuleni hutaamini kama ndiye huyu, mwalimu wake kamfanya monita, anawanyoosha wenzake kama askari jela. Akacheka tena. Mimi ikanibidi nikae kitandani, palepale penye unyevu. Si kwa mkojo wa mtoto. Mkojo wa mtoto wa miaka saba unafuliwa, unaanikwa, yanakwisha. Kilichonichefua ni yule monita.

Sisi watu wa rika hili tukikutana misibani na harusini tunapenda kusimulia utoto wetu kana kwamba sote tulikuwa malaika waliovaa kaptura. Tulikuwa na adabu, tunasema. Tulibeba vidumu na mafagio, tuliimba mstarini, tulipanga foleni ya sukari na wala hatukusukumana. Uongo mtupu. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa mtoto mmoja nyumbani na mtoto mwingine shuleni, na yule wa shuleni nikimkumbuka hadi leo natamani nimtapike.

Nyumbani kwetu kulikuwa nyuma ya soko la Kariakoo, nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na uani jiko, bomba na choo cha wote. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa vyetu: baba, mama, bibi mzaa baba, na mimi kitindamimba. Baba alikuwa karani serikalini, na mtaa ule karani alikuwa mtu. Nilizaliwa dada zangu wameshaolewa, kwa hiyo nililelewa kama yai. Jina langu la nyumbani lilikuwa Kibibi, na Kibibi alikuwa na miaka tisa bado analishwa. Bibi alinimegea ugali, akanichambulia samaki miiba, akanipangusa mdomo kwa ncha ya kanga ileile aliyopengea mafua. Nikichoka nilibebwa mgongoni, miguu inakaribia kuburura chini. Sikuwahi kufua hata soksi. Nilisukwa nikilia, nikaogeshwa nikilia, na siku ambazo bibi hakuwa na nguvu za kugombana na mimi, sikuoga. Na kila usiku wa Mungu nilikojoa kitandani.

Bibi alinitibu kwa njia alizozijua. Kulikuwa na unga mweusi aliokuwa akinilambisha kila Ijumaa pamoja na asali, ambao nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima kwamba ni mende waliokaangwa kwenye kigae wakasagwa. Siku niliyoambiwa nilikimbilia chooni. Dawa ya pili ilikuwa aibu. Asubuhi nikiwa nimelowa nilizungushiwa mkeka uleule niliolalia, nikatembezwa uani mlango hadi mlango, watoto wa nyumba nyuma yangu wakiimba na kupiga makopo, na kila mpangaji akitoka na kikombe kunirushia maji kidogo. Ndivyo vikojozi walivyotibiwa, wala hakuna aliyeona ni ukatili. Wapangaji walicheka, bibi alicheka, na mwisho mimi nilipewa chai ya maziwa kwa kuwa nimelia sana.

Aliyeongoza wimbo alikuwa Mwanaidi, mtoto wa chumba cha nyuma, tuliyelingana umri. Walikuwa watu wa kusini, wa Kilwa. Baba yake alikuwa kuli bandarini, na mama yake alichoma vitumbua kila asubuhi kwenye baraza la nyumba yetu. Mwanaidi alikuwa na mdomo, jamani. Hakuna mtu aliyepita mbele yake asiigwe. Alimuiga mnadi wa samaki wa Feri, na mwenye duka la kona akiapa kwamba sukari imekwisha huku gunia liko nyuma ya miguu yake. Alimuiga hata balozi wetu wa nyumba kumi akifungua mkutano, tumbo mbele, kalamu mfukoni, ndugu wananchi zikimtokea puani. Watu wazima walikaa chini kwa kicheko. Mama yake peke yake ndiye hakucheka. Sukari ya vitumbua ilipatikana kwa karatasi iliyosainiwa na balozi, na mara ngapi nilimuona akimkimbiza Mwanaidi na mwiko, akimwambia kwamba siku moja mdomo ule utawalaza njaa.

Watoto wengine wa mtaa walisoma shule ya karibu. Mimi baba alinipeleka ya mbali kidogo, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, iliyosifika kwa walimu wake. Bibi akagoma. Kibibi hawezi kuvuka barabara peke yake, akasema, magari ya mjini hayana macho. Ndipo baba akaenda kuzungumza na Mama Mwanaidi, naye akakubali mtoto wake ahamishwe shule, aachane na wenzake wote aliokuwa amewazoea, ili anishike mkono. Mwanaidi hakuulizwa. Wala mimi sikuulizwa, lakini mimi nilikuwa napata na yeye alikuwa anapoteza, na hilo sikuliona kabisa.

Katikati ya nyumbani na shule kulikuwa na mashine ya kusaga, kwenye kona. Tulipotoka nyumbani Mwanaidi alinibebea mkoba, akanivuta mkono, akawaiga wapagazi, wauza mkaa na kila tuliyepishana naye, mimi nikicheka hadi kamasi zinanitoka. Tukifika kwenye mashine ya kusaga nilichukua mkoba wangu. Nilipandisha soksi, nikapangusa pua, nikabana kwa pini kitambaa changu chekundu cha kiranja. Naye akanyamaza. Hatukuwahi kuambiana kwamba iwe hivyo. Ilitokea tu, kila siku, palepale penye vumbi la unga, na baada ya kona ile mimi nilitangulia mbele na yeye akafuata nyuma. Jioni, tukirudi, nilimpa tena mkoba palepale, na yeye akaanza tena.

Shuleni nilikuwa kiranja wa usafi wa darasa la tatu. Nilipewa kwa sababu nilikuwa na sauti na nilijua kuongea kama baba yangu. Kila asubuhi mstarini nilikagua kucha, meno, masikio na kola, nikiwa na rula mkononi. Mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Stella, alikuwa mama mrefu, mpole, mwenye kuamini kila alichokifundisha, na alitufundisha kwamba taifa lina maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mimi nikaelewa kwamba maradhi ni mtu, anajificha kwenye kucha za watoto wa watu wengine, na kwamba nimetumwa na taifa kumkamata. Mtoto mwenye kola chafu nilimwita kupe. Aliyechelewa nilimwita mnyonyaji. Nilimtoa mtoto mmoja mstarini kwa sababu ya chawa, akarudishwa kwao akilia, na jioni iliyotangulia bibi alikuwa amekaa saa nzima akinitoa chawa mimi mwenyewe na kuwaponda kwa kucha za vidole gumba.

Sikuona tatizo. Watu hudhani mtoto mnafiki anajua kwamba ni mnafiki. Mimi sikujua. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba Kibibi haji shule. Niliamini kwamba mkojo ni kitu cha nyumba yetu, kama vile bomba na choo, kwamba nikishatoka mlangoni unabaki kule kuningoja. Wala hakuna mtu aliyewahi kuniambia vinginevyo.

Na Mwanaidi shuleni hakuwa chochote. Alikaa dawati la mwisho kabisa. Akiulizwa swali alitazama dawati mpaka mwalimu achoke. Mwalimu Stella aliwahi kusema mbele yetu sote, kwa huruma, kwamba mtoto huyu ni mzito kidogo na tumsaidie. Nilitaka kucheka. Mimi nilikuwa na maelezo yangu ya kimya kile: ananiogopa. Kwa karibu miaka miwili hakumwambia mtoto hata mmoja habari za mkeka, za makopo wala za maji ya kikombe, na angetaka angeniigiza mbele ya darasa wakagaragara. Hakufanya. Nami nikaona ni kwa sababu mimi ni kiranja na yeye ni nani.

Ikaingia masika, na masika ile sabuni ikaadimika. Watu walifulia majani ya mpapai na majivu. Kamba za uani zilijaa nguo zisizokauka, zikaanza kunuka uvundo zikiwa bado kambani. Nilikuwa na shimizi mbili za kuvalia chini ya sketi ya shule. Moja ilikuwa kambani siku ya tatu. Ya pili nililala nayo, na asubuhi ilikuwa imelowa kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Siku nyingine yoyote bibi angenivua, angeniosha, angenitafutia hata gauni la dada yangu la zamani. Lakini bibi alikuwa na homa, amejifunika gubigubi. Mama alikuwa ametoka alfajiri kwenda kupanga foleni ya hiyo sabuni. Baba hakuwa mtu wa kuvalisha watoto. Kwa hiyo nilijivalisha mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwangu: sketi ya bluu, blauzi nyeupe, juu ya shimizi yenye mkojo.

Ilikuwa baridi mapajani njia nzima. Mwanaidi alinitazama mara moja, akanitazama tena, akafungua mdomo aseme neno, na tukawa tumefika kwenye mashine ya kusaga. Nikachukua mkoba wangu. Akaufunga mdomo. Nilivuka kona ile nikiamini kwamba yote yamebaki nyuma.

Mvua ilikuwa ikinyesha kwa hiyo hatukusimama mstarini, tuliingizwa darasani moja kwa moja, madirisha yakafungwa. Tulikuwa karibu watoto hamsini, watatu watatu kila dawati, nguo zimelowa, miili ina joto. Haikuchukua muda. Mwalimu Stella alikuwa akiandika ubaoni, akaacha. Akageuka, akavuta pumzi, akafunika pua kwa mkono wenye chaki. Alisema kuna mtu kajikojolea humu ndani, na kwamba asione haya, ajitokeze. Hakuna aliyejitokeza. Watoto wakaanza kuzibana pua na kusukumana, na mimi nikaibana yangu kuliko wote.

"Kiranja," Mwalimu Stella akasema, "hebu zunguka, unuse."

Niliinuka kwa furaha, sifichi. Nilianza dawati la kwanza. Niliwainamia mmoja mmoja, pua karibu na shingo zao, karibu na mapaja yao, nikavuta hewa kama mbwa. Kulikuwa na mafuta ya nazi yaliyochacha. Kulikuwa na mafuta ya taa, dagaa, midomo isiyojua mswaki, kikwapa cha mtoto aliyerithi shati la kaka yake. Na juu ya yote hayo, mkojo. Wa kwanza ananuka mkojo. Wa pili ananuka mkojo. Dawati la kwanza lote, la pili lote, la tatu. Kila niliyemwinamia ananuka, wala hayupo anayenuka zaidi ya mwenzake. Nilisimama katikati ya darasa nimechanganyikiwa. Nilikuwa karibu nimwambie mwalimu kwamba ni wote, darasa zima wamejikojolea. Mate yalikuwa yamenijaa mdomoni. Nilifikiri sijawahi kuona watoto wachafu kama wale.

Hivyo ndivyo nilivyofika nyuma, kwenye dawati la Mwanaidi. Yeye alikaa ukingoni, upande wa njia. Nilipomwinamia akapitisha mkono chini ya dawati, taratibu, bila kugeuza kichwa, akashika pindo la shimizi yangu. Lilikuwa limeteleza likaning'inia chini ya sketi, limelowa, lina rangi ya manjano. Akalikunja, akalisukuma juu ndani ya sketi mpaka halionekani. Halafu akarudisha mkono wake juu ya dawati akatazama mbele. Hakuna mtu aliyeona.

Hapo ndipo nilipojua. Kibibi alikuwa amekuja shule, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtembeza kutoka dawati hadi dawati. Darasa zima lilikuwa likinitazama, mwalimu alikuwa akinitazama, na mtu mmoja tu alijua, naye ndiye alikuwa ametoka kunificha. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba niliogopa. Ni kweli niliogopa. Lakini kulikuwa na jambo lingine, na leo nalisema kwa kuwa nimeshazeeka na sina wa kumficha: nilimchukia kwa kunisaidia. Kwamba amethubutu kunigusa huku, kwa mkono wa nyumbani, mkono ulioshika makopo. Nilisikia kinyaa, na badala ya kujionea mwenyewe nilimuonea yeye.

"Ni huyu, Mwalimu," nikasema.

Nilingoja mdomo wake. Neno moja lingetosha. Angeanza ule wimbo tu, mstari mmoja, kwa sauti ile ya uani, nami ningekwisha. Alinitazama kidogo, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa maandishi madogo, kisha akatazama dawati. Mwalimu Stella akamuuliza kama ni kweli. Akamuuliza tena. Hakujibu, na kwa Mwalimu Stella hilo lilikuwa jibu, maana halikuwepo jibu lingine alilowahi kulipata kwa Mwanaidi.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Alifungua mkoba wake akatoa kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye leso, sabuni yake mwenyewe, siku zile ambazo watu walipigania kipande kama kile, akanikabidhi. Akasema nimpeleke bombani nikamuoshe, na darasa lijifunze kwamba usafi si wa mtu mmoja, ni wa sote. Madirisha yakafunguliwa. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Nikamsimamisha Mwanaidi chini ya bomba na nguo zake zote, nikamsugua miguu kwa gunzi la muhindi, nikamsugua magoti na mapaja, kwa nguvu, kwa sababu walikuwa wakinitazama. Hakuwa na harufu yoyote isipokuwa mafuta ya kukaangia vitumbua. Maji yalimgonga yakaruka yakanilowesha mimi kutoka kifuani hadi miguuni, povu likanitiririkia ndani ya sketi, nami sikusogea. Nilijua ninachofanya. Niliporudi darasani mkojo wangu ulikuwa umeondoka na maji yake. Aliyeoshwa ni yeye na aliyetakata ni mimi. Mwalimu Stella akavuta pumzi, akasema sasa hewa ni nzuri, akawaambia wanipigie makofi ya kilo. Wakanipigia. Sitaki kuwadanganya, nilifurahi.

Kabla ya mapumziko ameshapata jina. Kojo. Waliokuwa wakikaa naye wakahamia madawati mengine, wakabanana wanne wanne, akabaki peke yake kwenye dawati zima na nguo zinamdondoka maji. Kuna msichana aliniuliza kama ukikaa karibu naye unaweza kuambukizwa. Nikamwambia ndiyo.

Saa ya kurudi nilitembea mbele kwa haraka. Sasa nilikuwa na hofu nyingine: kona. Tukishavuka mashine ya kusaga yeye anakuwa Mwanaidi wa uani, mdomo wake unafunguka, na ataniigiza, nilivyokuwa nikinusa, nilivyonyoosha kidole, na kufikia nyumbani nyumba nzima itajua. Tulipofika pale mkono wangu ulimnyooshea mkoba wenyewe, kwa mazoea. Akaupokea. Nikapumua. Nikaona basi, yamekwisha, tumesameheana. Tukaenda hatua kadhaa, sketi yake ikimshika miguuni, ndipo akasema, bila kunitazama.

"Mimi ya nyumbani sijawahi kuyapeleka shule. Hata siku moja."

Nikaongeza mwendo.

"Na ya shule siyapeleki nyumbani," akasema. "Mama nitamwambia nimecheza maji."

Ndivyo alivyomwambia. Mama yake alimpiga kwa mwiko, kwa sababu ya sketi hiyo moja aliyokuwa nayo, na mvua, na sabuni isiyopatikana. Nilisikia kila pigo. Nilikuwa mapajani mwa bibi, ambaye homa ilikuwa imepungua, akinilisha uji. Bibi akatikisa kichwa, akasema mtundu yule mtoto, kacheza wapi maji na mvua hii. Akaniuliza kama nimemuona. Nikasema sikumuona.

Kesho yake alinibebea mkoba kama kawaida. Tukampita mwenye duka la kona, tukawapita wapagazi na mikokoteni yao, na hakumuiga hata mmoja. Nikadhani amenuna, atanuna siku mbili, tatu. Tulipofika kwenye mashine ya kusaga nikangoja anyamaze, na hakukuwa na kitu cha kunyamazia. Siku zikawa wiki. Asubuhi moja nilipolowa, bibi alinizungushia mkeka, watoto wakakusanyika na makopo yao, wakamngoja wa kuanzisha. Mwanaidi alikuwa pale bombani akisugua chuma cha vitumbua. Hakuinua kichwa. Mtoto mmoja mdogo akajaribu, akaimba maneno mawili akasahau la tatu, wakaangaliana, wakatawanyika. Bibi akanifungua mkeka akiguna.

Balozi alipokuja tena kufanya mkutano, watu wazima walimsubiri aondoke, kisha wote wakamgeukia Mwanaidi huku wameshaanza kutabasamu. Haya, wakamwambia, kasemaje balozi leo? Alisema hajui. Hakusema kwa hasira, alisema tu hajui, akaingia ndani. Kisha mmoja wa wapangaji akasema mtoto amekua, mwingine akasema ndivyo wanavyokuwa wakisoma shule nzuri, na baba yangu akakubali kwa kichwa, ameridhika. Mimi nilikaa miguuni pake. Nilijua kwamba yule waliyekuwa wakimsifu si Mwanaidi aliyekua. Alikuwa ni Kojo, ametufuata hadi nyumbani. Nilikuwa na umri wa kutosha kulisema hilo, na mdomo ninao, na sikulisema siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Mwisho wa mwaka baba alipata nyumba ya serikali, tukahama.

Lakini kabla hatujahama kuna asubuhi moja. Nilitoka barazani nimeshavaa, tayari kwa shule. Mama Mwanaidi alikuwa mbele ya chuma chake, Mwanaidi kasimama pembeni yake, mkoba wangu mkononi, akitazama chini. Nikamsalimia shikamoo, akaitika marahaba kwa uchangamfu ambao sikuuzoea kwake. Akaopoa kitumbua cha kwanza, kikubwa, akakifunga kwenye karatasi, akanipa.

"Ahsante, Kibibi mwanangu," akasema. "Mdomo wa huyu ulikuwa unaninyima usingizi. Umenisaidia kumlea mwenzio."

Nikakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, nikamwambia ahsante. Kilikuwa cha moto, kina sukari ya kutosha. Nikakila chote palepale mbele yao, nikalamba na vidole.